Kaseti Zilitangulia Mnara

Wanaosimulia historia ya redio za Kampala huanza na mwaka 1993, mawimbi yalipoachiwa watu binafsi. Wenye mapenzi na ufalme wa Buganda huanza na Juni 22, 1996, siku redio yake, CBS, ilipoanza kusikika kutoka jengo la Bulange, Mengo. Mimi ni fundi redio wa Katwe, chini ya kilima hicho cha Mengo, na hesabu yangu inaanza kabla ya hapo, kwenye kaseti. Kituo cha Mengo kilipowashwa, wasikilizaji wake walikuwa wameshaandaliwa kwa miaka mingi na waimbaji wa gitaa moja, ambao sauti zao ziliuzwa barabarani kwa kanda. Watu husema CBS iliwainua waimbaji hao. Kwa nilivyoona kutoka kwenye meza yangu ya kazi, wao ndio walioiinua CBS.

Sina damu ya Kiganda, nilitangulize hilo. Mimi ni Mnubi wa Bombo. Nyumbani tulisema Kinubi na Kiswahili, Kiganda tukakiokota sokoni na shuleni mpaka kikawa chetu. Marehemu baba alikuwa askari wa King's African Rifles (KAR), na katika vitu alivyoviheshimu ilikuwemo redio yake ya Philips, ya zile za valvu, ambayo ukiiwasha inangoja ipate moto ndipo iseme. Hakuruhusu mtu kuigusa. Nilijifunza ufundi kwa sababu ya katazo hilo: kila alipolala mchana nilifungua kifuniko cha nyuma nikatazama taa zile za kioo.

Redio tuliyoisikiliza ilikuwa moja tu. Waingereza waliianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa jina la Uganda Broadcasting Service, na baada ya uhuru wa 1962 ikawa Radio Uganda. Ilikuwa na mzigo mkubwa: nchi yenye lugha nyingi, na kila lugha inataka zamu yake. Habari za Kiganda zikiisha wanaingia Waluo, wakitoka wanaingia Wateso, kisha Kiswahili, kisha Kiingereza. Kwa mpango huo hakuna aliyenyimwa kabisa, lakini pia hakuna aliyeshiba. Yako ilikuwa nusu saa, na ndani ya nusu saa hiyo habari, mawaidha ya kilimo na wimbo mmoja au miwili.

Hata hivyo Waganda waliipenda, na sababu mbili nazijua. Ya kwanza ni michezo ya redio. Wycliffe Kiyingi aliandika mfululizo wa Kiganda ulioitwa Wokulira, na mama zangu wa Bombo, ambao Kiganda chao kilikuwa cha kubahatisha, waliacha jungu jikoni ili wasikose sehemu. Ya pili ni matangazo ya vifo. Msomaji alitaja jina la marehemu, ukoo, kijiji, watoto aliowaacha na wanaofanya kazi Kampala ambao waje haraka, halafu saa ya maziko. Nchi isiyokuwa na simu vijijini ilizikana kwa redio. Saa ya matangazo hayo ilipofika, hata duka lilinyamaza.

Lakini kwa upande wa siasa, redio moja ilikuwa hatari ya nchi nzima, kwa kuwa aliyeishika ndiye mtawala. Januari 25, 1971, askari aitwaye Sam Wilfred Aswa alisoma kwenye Radio Uganda sababu 18 za kumpindua Rais Obote, na Idi Amin akawa rais. Aprili 11, 1979, akasikika afisa wa jeshi, David Oyite-Ojok, akitangaza kwamba Kampala imeanguka. Tangazo lile la pili lilituambia sisi Wanubi tufunge mizigo, maana Amin alihesabiwa kuwa wetu, na wengi wetu tulilipa deni ambalo hatukulikopa. Watu wa Bombo walitawanyika: Sudan, Zaire, Kenya. Mimi niliangukia Kibera, Nairobi, ambako Wanubi wenzetu wako tangu enzi za KAR, na nikapata kazi ya ufundi katika kibanda karibu na River Road.

River Road ilinifundisha muziki. Hapo ndipo palipokuwa soko la santuri la Afrika Mashariki nzima, na wanamuziki wa Uganda walikuwa wakija Nairobi kurekodi tangu miaka ya 1960. Fred Masagazi ni mmoja wao. Huko ndiko nilikogundua pia kwamba ile miziki ya wachunga ng'ombe wa Marekani ilikuwa imefika kwetu kabla sijazaliwa. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alikuta wasichana wa Kikipsigis huko Kapkatet wakimwimba mtu waliyemwita Chemirocha. Alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa country, waliyemsikia kwenye gramafoni ya wamisionari. Hadi leo, Jumapili asubuhi katika Kampala, ukizungusha kitufe cha redio utamkuta Jim Reeves au Dolly Parton akiwasindikiza watu kanisani. Wageni hushangaa. Mimi sishangai: mtu mmoja, gitaa moja, kisa cha mke, pombe, shamba na kifo. Waganda walikuwa na chao cha namna hiyo tayari.

Nacho ni kadongo kamu, yaani kigitaa kimoja. Ili uelewe kwa nini kilishika mizizi, kumbuka kilichotangulia. Muziki wenye heshima Buganda ulikuwa wa ikulu. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda, alianza kuurekodi mwaka 1949, naye Tracey akaurekodi 1950 na 1952: filimbi, baragumu ziitwazo amakondere, na entenga, zile ngoma 12 zilizopangwa sauti pamoja na tatu za mdundo, zinazopigwa na watu sita kama wenye mikono ya mtu mmoja. Mei 24, 1966, jeshi la Obote, likiongozwa na Amin, lilishambulia Lubiri, ikulu ya mfalme wa Buganda. Mfalme huyo, Kabaka Mutesa, alikimbia, akafia London mwaka 1969. Ngoma ziliharibiwa, wapigaji wakarudi vijijini kulima. Mwaka 1967 katiba mpya ikafuta falme zote. Bulange, jengo la bunge la Buganda, likachukuliwa na jeshi na kuitwa Republic House.

Basi Buganda ikabaki na watu, lugha na koo zake, lakini bila mahali rasmi pa kujisikia. Nafikiri ndipo gitaa lilipopata kazi ambayo halikuletewa. Christopher Ssebadduka, mmoja wa wanaotajwa kama waasisi, Dan Mugula, Fred Ssebatta, Matia Luyima na wengineo waliimba kwa Kiganda kizito, chenye methali na mafumbo. Wimbo wa kadongo kamu hauna haraka. Unaanza kwa kumjulisha mhusika, anatoka wapi, ameoa nani. Unakwenda naye mjini, anaharibika, anarudi, anaugua. Na wewe msikilizaji unaachiwa hukumu. Dakika kumi ni kawaida, na zinazozidi hapo ni nyingi. Sasa wimbo kama huo utauweka wapi kwenye nusu saa ya Kiganda ya Radio Uganda? Ulipigwa, lakini ulikatwa, na kadongo kamu ukikatwa katikati umeuua, maana fundisho liko mwishoni.

Kaseti ndiyo iliyoukomboa. Niliporudi Uganda baada ya Museveni kuingia Kampala Januari 26, 1986, nilikuta nchi iliyochoka kwa vita lakini yenye redio-kaseti kila mahali. Upande mmoja wa kanda ya dakika 60 ni nusu saa kamili: nyimbo mbili tatu ndefu bila mtu wa kuzikata. Wafanyabiashara wa mjini walisimamia kurekodi, kunakili na kusambaza. Maarufu kupita wote alikuwa Kasiwukira, aliyeuawa Muyenga mwaka 2014, ambaye jina lake lilichapwa kwenye makaratasi ya kaseti nyingi kuliko la mwimbaji yeyote. Kanda zilitoka Kampala ndani ya teksi za Old Taxi Park. Dereva wa Masaka aliyekuwa na kanda mpya ya Herman Basudde alijaza abiria kabla ya mwenzake. Nimewaona watu wakikataa kushuka mahali pao kwa kuwa kisa hakijaisha.

Kazi yangu ya Katwe ilinionyesha jambo hilo kwa njia yake. Redio ikiletwa mezani, huwa na upande wa mawimbi na upande wa kaseti, na mteja mwenye fedha kidogo huchagua upande gani uponywe kwanza. Miaka ile walichagua kaseti. Nilikuwa nikisafisha vichwa kwa spiriti, nikibadilisha mikanda ya mpira, nikiunganisha utepe uliokatika kwa gundi nyembamba. Upande wa mawimbi waliniambia, "Huo uache, fundi, tutarudi tukiuza kahawa." Na kanda walizokuja nazo kujaribia zilikuwa za watu wale wale: Basudde, Ssebatta, na kijana aliyekuja juu kwa kasi, Paul Kafeero na kundi lake la Kulabako Guitar Singers.

Kafeero aliimba Walumbe Zaaya, wimbo wa kifo, wakati ambapo UKIMWI ulikuwa ukiyakausha maboma ya Rakai na Masaka. Yale matangazo ya vifo ya Radio Uganda yalikuwa yamerefuka kiasi kwamba msomaji alilazimika kukimbia. Redio ya serikali iliorodhesha waliokufa. Kafeero alikaa na waliobaki. Sijui namna nyingine ya kueleza kwa nini kanda ile ilichakaa upesi kuliko zote zilizopita mikononi mwangu. Na alipoimba Dipo Naziggala, habari za mlevi na kilabu cha pombe, walevi wenyewe ndio walioinunua.

Ndipo ikaja FM. Mwaka 1993 ilifunguliwa Sanyu, 88.2, na mwisho wa mwaka huo Capital, 91.3, ya William Pike na Patrick Quarcoo. Zilikuwa tamu, sikatai. Sauti safi isiyo na mkwaruzo, watangazaji wanaocheka, nyimbo mpya za Marekani na Uingereza. Lakini zilisema Kiingereza, na zilisema na matajiri wa Kololo na wanafunzi wa Makerere. Muuza ndizi wa Kalerwe alizisikiliza kama mtu anayetazama arusi ya tajiri kwenye ua. Mwaka huo huo, Julai 31, Ronald Mutebi alitawazwa Kabaka kule Naggalabi, Buddo, baada ya falme kurudishwa. Jeshi lilikuja kuiachia Republic House, makao yake yakahamia kwetu Bombo, na jengo likawa Bulange tena. Humo ndimo ilimowekwa studio.

CBS ilipoanza mwaka 1996 haikuwa na haja ya kubuni muziki. Ulikuwepo, umekaririwa na mamilioni. Ilichofanya ni kuupa saa. Wimbo wa Basudde ulipigwa mpaka mwisho, na baada yake watu wakapiga simu kubishana kama yule mke alikuwa na kosa. Matangazo ya vifo yalisomwa kwa utulivu. Methali, miiko na nasaba za koo zilifanywa mashindano, Entanda ya Buganda, na wakulima waliojua mambo hayo kuliko madaktari wa chuo kikuu wakapata umaarufu. Kulikuwa na Mambo Bado, mjadala wa hadhara Jumamosi, jina la Kiswahili kabisa katikati ya ufalme, nami nililiona kama salamu kwetu sisi wasemaji wa lugha hiyo ambao Kampala hutukumbuka inapoona askari. Radio One nao walikuwa na mjadala wao wa namna hiyo, Ekimeeza, Club Obbligato, Old Port Bell Road, kwa Kiingereza. Watu walikaa mezani na chupa zao wakamhoji mbunge. Baada ya kuishi miaka ya Amin na iliyofuata, jambo hilo lilikuwa geni kiasi cha kutisha.

Hapa fundi ana neno ambalo wanahistoria hawalisemi. Magari mengi yaliyoingia Uganda miaka ile yalikuwa yametumika Japani, na Japani redio zake za FM zilitengenezwa kwa masafa ya 76 hadi 90. Redio ya gari ikifika 90 imefika ukutani. Capital, 91.3, haishiki. Simba, 97.3, haishiki. CBS, 88.8, inaingia wazi, na hata walipoongeza 89.2 bado walikuwa ndani ya ukuta. Wenye magari waliotaka Capital walitujia tuwafungie kifaa kidogo tulichokiita ekspanda, cha kuyashusha masafa ya juu. Kilitulisha sana. Dereva wa teksi hakujisumbua; alichokitaka kilikuwa chini ya 90. Hivyo teksi ile ile iliyokuwa ikipiga kanda za Kasiwukira ikawa inapiga 88.8, waimbaji wale wale, abiria wale wale, ila sasa dereva hakununua kanda. Kwenye meza yangu mambo yaligeuka: wateja wakaanza kusema, "Kaseti iache, fundi, nishikishie Mengo."

Basudde alifariki ajalini mwaka 1997, CBS ikiwa changa. Kafeero alifariki Mei 2007. Mara zote mbili kituo kiliomboleza kwa namna iliyostahili wakubwa wa ufalme, na kwa haki, maana walikuwa wamekipa zaidi ya walivyolipwa. Kaseti iliwalipa waimbaji kidogo, mara moja, kwa mkono. Redio iliwapa sifa, na sifa hailipi karo. Mfumo wa kuwalipa wasanii kwa kila wimbo unaopigwa umekuwa dhaifu nchini mwetu miaka yote hiyo, na mtu asichanganye kupigwa sana na kutajirika.

Kisha ikaja Septemba 2009. Kabaka alipanga kuzuru Kayunga, serikali ikazuia, Kampala ikawaka moto kuanzia tarehe 10. Watu zaidi ya 20 waliuawa. Siku zile zile Baraza la Utangazaji lilizima vituo vinne kwa madai ya uchochezi: CBS, Suubi, Radio Sapientia na Akaboozi ku Bbiri. Mijadala ya hadhara ikapigwa marufuku. Vile vitatu vilirudi mapema zaidi. CBS ilibaki kimya mpaka Oktoba 23, 2010, zaidi ya mwaka mzima.

Moshi wa matairi ulipotulia, wateja walianza kumiminika na redio nzima kabisa. Mzee mmoja wa Ndeeba, jjajja kwa Kiganda, aliiweka ya kwake mezani akiwa ameifunga kwa kitenge.

"Mwanangu, hii imekufa."

Nikaizungusha, ikashika Simba, ikashika Radio Uganda, ambayo tangu 2005 inaitwa UBC lakini kwake ni Radio Uganda tu.

"Jjajja, redio yako ni nzima. Kituo ndicho kilichozimwa."

"Najua kimezimwa. Nakuuliza wewe fundi, huwezi kukishika hata kidogo?"

Nilimfungulia upande wa kaseti, uliokuwa na kutu, nikausafisha, nikamtia na kanda ya Ssebatta niliyokuwa nayo. Hakuwa peke yake. Miezi ile yote nilirudia kazi ya zamani ya vichwa na mikanda ya mpira. Ndipo nilipohakikisha nilichokuwa nakishuku: serikali ilikuwa imezima mnara, lakini kilichowaunganisha wasikilizaji kilikuwa kabatini mwao, kimelala tangu 1996. CBS iliporudi hewani haikulazimika kutafuta watu. Walikuwa wanaingoja wakiwa wameshika kaseti.

Siku hizi nchi ina vituo zaidi ya 200, na Kiganda peke yake kinasemwa kwenye vingi nisivyoweza kuvihesabu. Kadongo kamu imepungua mchana, imekimbilia alfajiri na usiku wa manane, na kwenye tamasha la Enkuuka ambalo CBS huliandaa Lubiri mwisho wa mwaka. Vijana jirani zangu wa Katwe wanapakia nyimbo kwenye kadi za simu. Ukitaka nyimbo zote za Kafeero, wanakupa kabla chai haijapoa. Mimi bado natengeneza, ingawa vipuri sasa navitoa kwenye redio zilizokufa.

Kinachoniudhi ni kwamba tunatunza kumbukumbu kwa ubaguzi. Rekodi za Wachsmann za muziki wa ikulu zimerudishwa, na Makerere kuna hazina ya sauti yenye jina lake. Picha za enzi za Amin zilizokuwa zimelala UBC zilisafishwa zikaonyeshwa Makumbusho ya Uganda mwaka 2019, nami nilikwenda nikawaona Wanubi wenzangu ukutani wamesimama wima. Vizuri sana. Lakini kanda za kadongo kamu, zenye ukungu, ziko chini ya vitanda Mityana na Luweero, na kila mwaka mjukuu fulani anazitoa nje zichomwe na takataka. Utepe ukishaota ukungu bado unaokolewa: ufutwe polepole kwa pamba yenye spiriti, uhamishiwe kwenye ganda jipya, upigwe mara moja tu huku unarekodiwa. Ni kazi ya mchana mmoja kwa kanda moja. Anayetaka kuandika historia ya CBS aanzie kwenye vitanda hivyo, aulize nani alinunua kanda, kwa shilingi ngapi, nani aliyempigia nani ndani ya teksi ipi. Nyaraka za mnara zinaweza kungoja.